Blanketi la Shangazi Morwadi

Seipone aliuza maandazi mjini Kanye, Botswana. Kila asubuhi alikanda unga, akakaanga, na watoto wa shule wakanunua moto moto. Mwaka ule alipewa kazi nyingine. Mpwa wake Thuso alitaka kuoa, na ukoo ulimtuma Seipone avuke mpaka, aende Mafikeng, Afrika Kusini, kununua mablanketi ya kuposea.

Kwao mwanamke haendi kuposa mabega wazi. Asiye na blanketi hubaki nyumbani na masufuria.

Ndugu walichanga. Shangazi Morwadi peke yake hakuweza, kwa sababu pensheni yake ilikwenda kwenye paa lililong'olewa na upepo. Na yeye ndiye aliyemlea Thuso tangu mama yake alipofariki.

"Nendeni tu," alimwambia Seipone. "Mimi nitapika. Mkirudi mtanisimulia."

"Nitatafuta namna, shangazi."

"Namna gani? Utalifuma kwa unga wa maandazi?"

Alicheka, lakini akageuza uso.

Kule Mafikeng bei zilikuwa zimepanda. Mchango ulitosha mablanketi ya waliochanga, basi. La shangazi halikupatikana. Seipone alirudi nyumba ya wageni, akatupa risiti kwenye ndoo ya taka, akachukua mkasi ili akate lebo. Ndivyo wanawake wa Kanye walivyozoea. Hukata lebo, hujifunga mablanketi yote mwilini, kisha huvuka mpaka kama watu wanaoona baridi, ili forodha ya kwao isijue ni mapya.

Chumbani alikuwamo pia jirani yake, Mma Tshiamo, yaani Mama Tshiamo kwa lugha ya kwao. Yeye huja Mafikeng kila msimu kununua vitambaa vya duka lake.

"Mma, weka mkasi chini," alisema.

"Kwani vipi? Si ndivyo tunavyofanya wote?"

"Ndiyo. Wote tunatupa fedha." Mma Tshiamo alikaa kitandani. "Ndani ya bei ile umelipa kodi ya mauzo ya nchi hii. Wewe ni mgeni hapa, na mali unaitoa nje. Ukifuata utaratibu, kodi hiyo unarudishiwa."

"Serikali inirudishie fedha? Mma, umekunywa nini?"

"Chai yako, tena haina sukari. Sikiliza. Lazima waione mali yenyewe, ikiwa mpya, pamoja na ankara ya kodi na pasi yako. Sasa wewe unavuka umejifunga tabaka tabaka kama kabichi, risiti ziko jalalani. Watakurudishia nini?"

Seipone alicheka, kisha akauliza, "Na forodha ya kwetu?"

"Waonyeshe pia. Isipozidi kiwango cha msafiri, hudaiwi. Ikizidi, unalipa, unakwenda zako umenyoosha mgongo."

Seipone aliinamia ndoo, akazitoa risiti, akakung'uta majani ya chai. Mma Tshiamo alizisoma.

"Hizi hazitoshi. Ankara ya kodi huandikwa maneno hayo hayo juu kabisa, na huwa na namba ya kodi ya duka. Turudi, na waandike jina lako na anwani yako."

"Na chakula nilichokula hapa? Nacho nadai?"

"Hicho hukitoi nchini."

"Nakitoa tumboni."

"Hao maofisa hawakagui matumbo, Mma."

Dukani waliandika ankara bila maneno mengi. Kesho yake, Seipone hakuuacha mfuko wake ushushwe chini ya mizigo ya basi. Aliupakata. Mpakani, kabla hajavuka, alimwonyesha ofisa mali yote. Ofisa alilinganisha mablanketi na ankara, akagonga muhuri. Seipone alijaza namba ya akaunti yake. Fedha hazikutolewa palepale, aliambiwa asubiri. Upande wa kwao alionyesha tena, akaruhusiwa kupita bila kudaiwa.

Wiki zikapita. Siku ya posa ikakaribia.

"Mama mdogo, umedanganywa," Thuso alimtania. "Uliwahi kuona kodi ikirudi nyumbani?"

Seipone aliendelea kukanda unga. Naye alianza kuwa na shaka. Hata alipomwona shangazi akisugua masufuria, alipita njia nyingine.

Kisha ujumbe wa benki ukaingia. Fedha zilipungua kidogo, kwa kuwa walikata gharama ya huduma. Seipone akajazia za maandazi, akaenda dukani hapo hapo Kanye.

Asubuhi ya posa, wanawake walijipanga uani. Shangazi Morwadi alikuwa jikoni, amefunga aproni. Seipone alimfungua aproni, akamtandazia blanketi mabegani, akalibana kwa pini. Bibi kizee alilishika kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nilidhani nitasimuliwa."

"Asante mpe Mma Tshiamo. Yeye ndiye aliyenionyesha njia."

Shangazi alipapasa pindo, akakuta lebo bado inaning'inia. "Na hii?"

Seipone alichukua mkasi, akaikata.

"Risiti unayo?" aliuliza shangazi.

"Ninayo."

"Haya. Twende tukamposee mwanangu."

Akatoka, akasimama mbele ya wote.