Kikombe cha Tatu

Mikono ya watu wawili ilikishika kigoda kimoja katika msongamano wa soko la Merkato, Addis Ababa, mahali ambapo wapagazi hawamwombi mtu njia.

"Kaka, nimetangulia kukishika," alisema Wubalem, shela yake nyeupe ikimteleza begani.

"Dada, mimi nimetangulia kukiona."

"Basi endelea kukiona. Mimi nitakikalia."

Getnet alicheka, akakiachia. Mwaka haukupita wakachumbiana, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Lakini Getnet alipokabidhiwa funguo za nyumba, chumba kimoja ghorofa ya nne, moyo wake uliingia baridi. Kuta zilikuwa tupu, friji haikuwapo, na maji yalifika bombani Jumanne na Ijumaa tu. Alimpigia simu mchumba wake.

"Mpenzi, tuahirishe mwaka mmoja. Nataka nikuingize katika nyumba yenye sofa."

"Unamwoa nani, Getnet? Mimi au sofa?"

"Usinitanie, kipenzi."

"Sikutanii. Jumamosi nakuja kupika kahawa humo humo. Wewe niwekee makaa."

Jumamosi alifika amevaa gauni jeupe lenye tarizi za kijani, dumu la maji mkononi na kigoda kwapani. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akaketi juu ya kigoda kile kile, akakaanga buni mpaka harufu ikakijaza chumba. Getnet aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini kwa haya. Alipomaliza kikombe cha kwanza, simu ililia: seremala alikuwa amepata mbao za sofa, aende upesi akachague. Akainuka.

"Vimebaki vikombe viwili," alisema Wubalem.

"Naenda narudi."

"Cha tatu ndicho cha baraka. Unaondoka nyumbani mwako kabla ya baraka?"

Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Wubalem hakulia. Alilitazama birika la udongo likipoa, kisha akampigia simu.

"Getnet, nisikilize. Kuchota maji naweza. Kununua nyanya za siku moja kwa kukosa friji naweza. Kuishi na mwanamume anayeionea haya nyumba yetu, siwezi. Nikimaliza kuosha vikombe hivi nakwenda kwa mama, na harusi haipo."



"Umeanza kuosha?"

"Naanza."

"Osha polepole, tafadhali. Maji yenyewe machache."

Wubalem alikaribia kucheka, akajizuia.

Kule sokoni, seremala aliuliza, "Kitambaa chekundu au cha kahawia?"  Macho ya Getnet yalikuwa juu ya vigoda vilivyopangwa mlangoni.

Alirudi akitweta, kigoda begani. Wubalem alikuwa na kikombe cha mwisho mkononi.

"Sofa liko wapi?"

"Nimemwambia seremala amuuzie mwingine mbao zile. Nimeleta mwenza wa kile ulichoninyang'anya."

"Sikukunyang'anya. Wewe ulikuwa unakiona."

Getnet alikiweka mkabala na cha Wubalem, akaketi. Magoti yao yakagusana.

"Harusi ipo, uzuri wangu?"

"Baada ya Pasaka, kama ilivyopangwa. Kahawa imepoa, tunaanza upya, cha kwanza mpaka cha tatu. Huinuki hata simu ikilia."

Getnet aliizima simu, akaifunika kwa ile ndoo.

"Ila dumu limekauka," aliongeza Wubalem, "na leo si Ijumaa. Kaombe maji kwa jirani wa chini, bwana harusi."

Getnet alishuka ghorofa zote nne, akapanda na dumu begani, na hakuinuka tena mpaka alipokimaliza kikombe cha tatu.