Nukta Mbili za Küchenau

Kila nikitoka shule nilipitia kwanza dukani kwa baba, Bur Dubai. Baba yangu, Soud, alikuwa mtarizi katika duka la arbab Raed, tajiri aliyemwajiri. Mkono wake ulikuwa hodari, ila herufi za Kizungu zilimpiga chenga. Kwa hiyo ikija kazi yenye maandishi ya Kizungu, mimi Khairunisa ndiye niliyeyaandika kwa chaki juu ya kitambaa, naye akapitisha uzi juu ya chaki yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kujiona, sikuwa na mwenzangu.

Jumatatu moja ya mwaka 2007 alikuja mama Leah, Mtanzania aliyesimamia ukumbi wa hoteli moja huko Garhoud. Mwanawe Allen nilikuwa nasoma naye. Mama huyo alileta karatasi ya faksi iliyotoka Ujerumani.

"Kaka Soud, nataka bango la mahameli," alisema. "Kuna mji mdogo wa Marekani na mji mdogo wa Ujerumani, wamefanya udugu. Majina yote mawili yakae pamoja."

"Miji nayo hufanya udugu?" baba akacheka.

"Tena mwaka wa ishirini na tano huu! Kila mwaka hutembeleana. Safari hii wamesema wakutane Dubai, mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Sherehe ni Alhamisi saa kumi."

Nilitandika mahameli ya buluu mezani nikaandika: Tilden Ford, na chini yake Kuchenau. Kwenye faksi, juu ya u ya mji wa Ujerumani, niliona vidoa viwili vyeusi. Faksi za siku zile zilijaa madoa, utadhani inzi wamepita. Nikaviacha hapo hapo kwenye karatasi, nikatupa karatasi. Baba akatarizi siku mbili kwa uzi wa rangi ya dhahabu, na bango likapendeza kweli.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Allen akanionyesha beji.

"Mama kapewa na mgeni wa Kijerumani," alitamba. "Usiiguse, utaichafua!"

Niliisoma. Küchenau. Juu ya u palikuwa na nukta mbili, safi, za kupigwa chapa.

"Allen, hizi nukta za nini?"

"Ndivyo wanavyoandika Wajerumani. Kwani wewe, mjuzi wa yote, hulijui hilo?"

Nikakumbuka vile vidoa viwili vya faksi. Siku nzima mwalimu alisema mambo nisiyoyasikia. Mwezi uliotangulia baba alikuwa ametarizi maua ya abaya mbili kichwa chini, na arbab Raed alimwambia mbele ya mafundi wote: "Soud, kosa moja tena, khalas, nafuta visa." Visa ya baba ikifutwa, sote tungerudi Mombasa, katikati ya muhula, bila kazi. Na kosa hilo lilikuwa langu.

Nilipotoka shule nilikimbia mpaka dukani, nimeshapanga maneno. Lakini nikamkuta arbab amesimama mbele ya bango, mikono kiunoni, anatabasamu. Sikuwahi kumwona arbab akitabasamu.

"Zen, Soud! Zen sana!" alisema. "Hii ndiyo kazi."

Baba aliniangalia kwa furaha. Ungesema nini wewe? Mimi nilifyata ulimi. Mama Leah, aliyekuja kulichukua, akalikunja bango, akaliweka kwenye gari la hoteli, likaondoka mbele ya macho yangu. Nilijiambia labda hakuna atakayeona. Uongo mtupu! Mtu akose kuona jina la mji wake?

Jioni ile sikumaliza chakula. Mama alinigusa paji la uso akasema sina homa. Kila simu ilipolia nilishtuka, nikidhani ni arbab.

Alhamisi asubuhi nilimkuta baba anapiga pasi kanzu yake nyeupe, anaimba pole pole.

"Leah amepiga simu," aliniambia. "Leo watanisimamisha mbele ya wageni wote, wanishukuru. Mimi, Khairu! Fundi mzima nitapigiwa makofi na Wazungu."

Hapo nikaangua kilio. Maneno yalitoka ovyo ovyo: faksi, inzi, beji, nukta, arbab. Baba alizima pasi. Aliivaa kanzu yake, akanigeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Jana, baba. Kabla ya gari kuja."

"Jana," alirudia. Kisha akachukua simu, akampigia arbab, akamweleza yote bila kupunguza. Nilisikia sauti ya arbab ikipanda ndani ya simu, halafu: "Nenda hotelini. Nami naja."

Baba akatia sindano na uzi mfukoni. "Twende, leo shule basi. Wewe ndiye uliyeziacha, wewe utanionyesha mahali pake."

Teksi ilinasa kwenye foleni ya daraja la Maktoum. Baba alitoa sindano, akatunga uzi. Mimi nilihesabu magari, nikawaza masanduku yetu, nikawaza mama akiaga majirani.

Bango lilikuwa limeshatundikwa juu ukutani. Mama Leah alishika kichwa. "Jamani! Na mimi sikuona!" Alileta ngazi. Baba alipanda, nami nikasimama chini nikimwelekeza: "Kushoto kidogo, baba. Hapo hapo." Nukta ya kwanza ikakaa. Alipoanza ya pili, mlango ukafunguliwa. Aliingia arbab Raed, uso umekunjamana, na nyuma yake bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi, beji ile ile kifuani.

Yule bibi alitazama bango, akatazama ngazi, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Nilimjibu mimi. Nilimwambia nilidhani nukta zao ni uchafu wa faksi, na baba hana kosa.

Bibi aliangua kicheko mpaka akashika kiti. "Jina letu limetokana na jiko," alisema. "Ukitoa nukta, ni keki! Mtoto, ulikuwa umetufanya Mji wa Keki." Kisha akamgeukia arbab. "Barua ngapi hutufikia bila nukta, bwana! Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuzitia. Huyu amepanda ngazi."

Arbab alilisogelea bango, akalisoma herufi kwa herufi. Mwishowe akamwangalia baba kule juu.

"Yalla, Soud, maliza, ushuke. Utaanguka na kanzu hiyo." Akaongeza, "Na Jumamosi usichelewe kazini."

Nililia tena, safari hii kwa raha. Saa kumi watu wa miji yote miwili walijaa ukumbini, wakakumbatiana kama jamaa waliopoteana, na baba akapigiwa makofi. Hakusita: aliwaambia nukta zile zilichelewa siku moja, na sababu yake.

Tulipotoka, nilimwomba msamaha. Baba alisimama kando ya njia.

"Khairu, wewe wasoma Kurani chuoni. Nukta ya ba ukiitoa chini ukaiweka juu, yawa nini?"

"Yawa nun, baba."

"Waweza kumsomea mwalimu hivyo?"

"Haiwezekani! Neno lote litageuka."

"Basi nukta zetu unazichunga. Za wenzako mbona ukaziita uchafu?"

"Sikuuliza, baba."

"Usichokijua, uliza," alisema. "Kukosea hakukuwa tabu, mwanangu. Dakika kumi tu zilitosha kuzitia zile nukta. Tabu ilikuwa ile jana uliyonificha. Siku nyingine ukikosea, niambie nguo ingali mezani."