Chupa Kando ya Cherehani

Mama Chiriku alikuwa fundi wa kushona. Binti yake mdogo aliitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Mama akishona, yeye aliokota vifungo chini ya meza na kuvisemesha.

Mama alipopata mimba ya pili, alichoka sana. Wifi yake akamletea chupa ya vidonge.

"Vilinisaidia mimi. Meza tu, wifi. Vitamini si dawa."

Mama hakuuliza mtu. Alivimeza pamoja na vile alivyopewa kliniki. Chupa aliiweka kando ya cherehani, asisahau. Vidonge vilikuwa vyekundu, vinang'aa.

Asubuhi moja alitoka kuanika nguo. Aliporudi, midomo ya Chiriku ilikuwa myekundu.

"Mama, pipi zako tamu!"

Mama akamfuta. Ni vitamini tu, alijisemea. Baadaye mtoto akatapika, kisha akatulia, akacheza. Mama akadhani amepona. Jioni akalegea. Baba yake, seremala, alimbeba mbio hadi hospitali. Madaktari walihangaika naye, lakini alikuwa amecheleweshwa kufikishwa. Chiriku hakuamka tena.

Baada ya msiba, mama alikwenda kliniki na ile chupa. Muuguzi alimwacha alie kwanza.

"Nimemuua mwanangu, dada."

"Hukujua, mama. Vidonge hivi vina madini ya chuma. Kwa mtoto mdogo ni sumu. Akivimeza, mkimbizeni hospitali papo hapo na chupa yake, hata akionekana mzima."

"Na huyu wa tumboni?"

"Tutamwangalia. Usichanganye chupa mbili. Vitamini nyingine zikizidi humdhuru mtoto tumboni. Kabla ya kumeza chochote, tuambie una ugonjwa gani na unatumia dawa gani, hata za mitishamba. Kilichomfaa wifi yako huenda kisikufae wewe."

"Basi niache vyote?"

"Hapana. Damu yako ni kidogo. Meza vya kliniki tu, kama tulivyokuelekeza."

Seremala alitengeneza kisanduku cha dawa chenye kufuli, akakipigilia juu ukutani. Wifi alikuja, akakaa sakafuni akilia. Mama akakaa naye, hakumlaumu.

Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Nyumba ikapata kilio cha kichanga, lakini chini ya meza palibaki kimya.

Siku moja mteja mjamzito alikuja kupimwa gauni.

"Shoga yangu kanipa vitamini," alisema. "Naanza leo."

Mama Chiriku akaweka chini utepe wa kupimia.

"Umemwuliza muuguzi?"

"Bado."

"Una mtoto mdogo nyumbani?"

"Ninaye mmoja, mtundu huyo!"

"Basi kaa, mwenzangu," alisema, akamvutia kiti. "Nikusimulie habari za binti yangu."