Maji Yasiyomezwa

Nyungu ya Nzilani ilikuwa tupu alipokwenda kulala. Hilo alilijua vizuri, kwa sababu aliinama akaikung'uta mwenyewe, akapata matone ya kulowesha ulimi tu, kisha akaifunika kwa sinia na kupanda kitandani na kiu yake. Asubuhi aliinua sinia akakuta maji yamefika shingoni. Yalikuwa maangavu, ya baridi, na yalinukia kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

Nje hakukuwa na mvua. Upande wote ule wa Matiliku haukuwa umeona wingu la maana tangu ndengu zikauke mashambani, na wanawake walikuwa wakichimba mchanga wa mto mpaka mtu anazama kiunoni, kisha anachota kwa kikombe na kungoja. Nzilani aliyatazama yale maji, akautazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake. Mwanawe Kaloki alikuwa shule ya bweni, na mumewe Musyimi alikuwa kaburini nyuma ya jiko, kwa hivyo hakuwa na mtu wa kumuuliza. Akachota kikombe akanywa, akachota kingine. Mwenye kiu haulizi maji yametoka wapi.

Sasa hapa ni lazima tumtaje Kavindu. Kavindu ni mke wa Muindi, ndugu wa marehemu, na boma lao limetengwa na la Nzilani kwa ua wa miiba tu. Musyimi alipogongwa na lori kwenye barabara ya Mombasa, Nzilani alilia, akazika, akajifuta machozi, na kabla mwaka haujaisha akafungua kinu cha kusaga unga. Ndipo siku ya mwethya, wanawake wa kijiji wakichimba matuta ya shamba kwa pamoja kama ilivyo desturi, Kavindu akaegemea jembe lake akasema lile linalosemwa huku kwetu kila mtu akipiga hatua: kwamba yule mama alikwenda Mombasa kununua jini, na bei ya jini ilikuwa bwanake. Alisema akicheka. Lakini ulimi hauna mfupa, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa akipeleka mahindi kwa kinu cha Nzilani. Kaloki akaitwa mtoto wa jini shuleni. Kanisani, benchi la Nzilani likabaki na Nzilani peke yake.

Kavindu alitubu, lazima tumpe haki yake. Katika kanisa lao, kabla ya Meza ya Bwana, waliokosana huitwa mbele, na kila mmoja humnywesha mwenzake maji kutoka kikombe kimoja. Ukishameza, umesamehe, na maneno yamekwisha. Siku hiyo Kavindu alilia mpaka leso yake ikalowa. Nzilani alisema "nimekusamehe" kwa sauti ya kufika mlangoni, akanyweshwa, watu wakapiga makofi na kuimba. Lakini hakumeza. Alikaa na yale maji mashavuni muda wote wa wimbo, akatoka kama mtu anayekwenda choo, akayatema nyuma ya kanisa.

Ardhi iliyanywa kwa sauti. Alisikia kabisa, gudu, kama koo la mtu. Akajiambia ni ukame, udongo una kiu kama sisi sote, akarudi ndani akashiriki Meza. Wiki iyo hiyo nyungu ikaanza kujaa.

Ikajaa kesho yake, na kesho kutwa. Kisha haikungoja usiku tena: jua likianza kushuka, Nzilani alisikia maji yakimiminwa taratibu ndani ya nyumba, ilhali sinia iko juu ya nyungu na yeye yuko uani anapepeta maharagwe. Mwanzoni alikimbia kwenda kuangalia. Baadaye aliacha kukimbia. Alioga, akafua mapazia, akanywesha mbuzi. Kuna dhambi inayouma na kuna dhambi inayoburudisha, na hii ya pili ndiyo mbaya, maana mtu haitafutii dawa.

Ng'ambo ya ua, Mumbua, binti mdogo wa Kavindu, alishikwa na kiu. Alikunywa kikombe akaomba kingine, akamaliza mtungi mzima uliochotwa tangu alfajiri, na bado ulimi ukakaa kinywani kama kipande cha ngozi. Hakuhara, hakutapika. Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa, akachangamka. Aliporudi nyumbani tu, midomo ikapasuka upya. Babake alikuwa Kibwezi akifanya kibarua kwenye mashamba ya kunyunyizia, kwa hivyo Kavindu alibaki peke yake na mtoto aliyekuwa akikauka mbele ya macho yake. Nzilani alizisikia habari hizo akasema, "Mungu amsaidie," akaendelea kufua.

Pasta Evanson Githaiga, mtu wa kutoka Murang'a aliyeletwa kanisani hapo mwaka uliopita, alipita siku moja kumjulia hali mjane. Alipewa maji ya kunywa. Akashangaa ubaridi wake, akauliza yametoka kisima gani, na Nzilani, badala ya kusema yote, akasema nusu.

"Pasta, mimi hata sijui. Yanajaa tu yenyewe."

Pasta aliinuka na kikombe mkononi. "Mama Kaloki! Unajua ule mjane wa Sarepta? Unga haikuisha, mafuta haikuisha! Hii ni ushuhuda. Jumapili utasimama."

Na Jumapili akasimama. Kanisa lile lile lililomwachia benchi peke yake lilipiga vigelegele, wanawake wakamshika mikono, na Nzilani akasikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu azike. Baada ya ibada Kavindu alimfuata hadi chini ya mti wa kuegesha pikipiki, Mumbua mgongoni kama mzigo wa kuni.

"Mama Kaloki, nakuomba. Nipe hiyo maji ya muujiza kikombe moja tu, nijaribu mtoto."

Nzilani alimtazama mtoto, akamtazama mama. "Muujiza hupewa mwenye imani, Mama Mumbua," akasema, na akaenda zake.

Kesho yake, jua likiwa utosini na kuku wote wamejilaza kivulini, Nzilani alichota kikombe akanywa, akasimama. Maji yalikuwa na chumvi kidogo. Yalikuwa na sukari kidogo pia. Akaonja tena. Hakuna mama wa huku asiyejua ladha hiyo. Ni ile tunayokoroga nyumbani mtoto akiishiwa na maji mwilini, chumvi ncha ya kijiko na sukari kiganja, na ng'ambo ya ua, kupitia miiba, alikuwa amemsikia Kavindu jana yake jioni akimbembeleza Mumbua, kunywa mama, kunywa tena, imebaki hii kidogo tu. Kikombe kikamponyoka. Akaelewa mara moja kwamba yale aliyooga nayo na kufulia mapazia na kuyashuhudia mbele ya watu hayakutoka mbinguni wala ardhini, yalitoka kwa mtoto, tone kwa tone, kila jioni, na kila lililoingia pale katika nyungu lilikuwa limetoka chini ya ulimi wa Mumbua.

"Imebaki kidogo," sauti ikasema kutoka ndani ya nyungu.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa na mkwaruzo ule ule anaokuwa nao akiamka.

"Wewe ndiye ulinipa maji nyuma ya kanisa, na mimi nimerudisha shukrani. Imebaki kidogo kwa ile mtoto. Nimalize, Mama Kaloki? Kavindu naye ajue vile mtu anasikia akizika?"

Na Nzilani, mwimbaji wa kwaya, mshirika wa Meza, alinyamaza. Hakunyamaza sana. Ni muda wa kuku kuvuka uani. Lakini katika muda huo alimwona Kaloki akirudi likizo kutoka shule na shati limeraruliwa, aliliona benchi tupu, alimwona Kavindu ameegemea jembe akicheka, na yote hayo yalikuwa matamu na ya moto, na alitaka, Mungu amrehemu, alitaka. Kisha akapiga kelele, "Hapana! Kwa jina la Yesu, hapana!"

"Hapana ya mdomo," sauti ikasema kwa upole. "Hata msamaha ulitoa ya mdomo. Mimi nakula ile iko ndani."

Alitoka mbio bila viatu, akapita kwenye ua wa miiba bila kutafuta mlango, miiba ikamchana mikono. Kavindu alikuwa ameketi sakafuni kando ya godoro la mtoto. Alipomwona, uso wake ukafunga.

"Umeniletea maji ya muujiza?"

"Si ya muujiza. Ni ya Mumbua." Nzilani akapiga magoti. "Mama Mumbua, yale maji ulininywesha kanisani mimi sikumeza. Nilitema huko nje. Na kitu ikakunywa hiyo maji, ikanifuata."

Alisema yote. Alisema juu ya nyungu, juu ya ladha, juu ya ushuhuda wa uongo. Alisema karibu yote. Lile la kunyamaza lilifika kooni likarudi.

Mumbua alifungua macho, akayashusha kwenye miguu ya Nzilani iliyojaa vumbi na damu.

"Anti," akasema kwa sauti ya karatasi, "leo umekuja na miguu imekauka."

"Amekuwa akisema hivyo," Kavindu akanong'ona. "Kila jioni. Ati anti amesimama dirishani na mtungi, na miguu inatoa maji. Nikadhani ni homa."

Halafu Nzilani akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema, wala kwa Pasta wala kwa Mungu. "Ulisema nilimuuza Musyimi. Mimi ndiye nilimwosha. Kichwa yake nilifunga na leso yangu ya harusi, kwa sababu ilikuwa haishikani. Na wewe ukacheka. Iliniuma, Kavindu. Hata sasa inauma."

Kavindu aliufunika uso. "Nilikuwa na wivu. Wewe ulifiwa ukainuka, na mimi niko na bwana na siinuki. Sina sababu ingine. Ni hiyo tu, na ni mbaya."

Haikuwa sababu nzuri, na labda ndiyo maana Nzilani aliiamini. Fundo alilokuwa nalo kifuani tangu siku ya mwethya likalegea, akalia vibaya, bila sauti ya kwaya. Kavindu alimkabidhi mtoto mapajani, akaweka kikombe midomoni mwake, na Mumbua akameza. Wakangoja. Midomo ikabaki na unyevu. Akameza tena, na machozi, machozi ya kweli, yakamtoka mtoto ambaye hakuwa na tone la kulia.

Kuku walikuwa wakiingia bandani mlango ulipobishwa.

"Hodi, Mama Mumbua. Ni mimi, Nzilani. Nimekuja kuomba msamaha."

Kavindu aliutazama mlango, akamtazama Nzilani aliyekaa pale na mtoto mapajani, akautazama mlango tena. Harufu ya mvua ilikuwa ikiingia chini ya ubao, tamu, nzito, na pamoja nayo ulimi mwembamba wa maji ukaanza kutambaa sakafuni.

"Usijibu," Nzilani akanong'ona.

"Nilitema maji yako," sauti ikaendelea kule nje, bila haraka. "Nilikunyima kikombe."

"Ameshaniambia," Kavindu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hiyo yote ameshaniambia."

Maji yakasimama mahali yalipofika. Nzilani alikuwa ameanza kuvuta pumzi pale sauti iliposema:

"Na alikuambia nilimuuliza kama nimmalize mtoto, akanyamaza?"

Kavindu akageuka polepole. "Ulinyamaza?"

Angeweza kukana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nani angeamini jini kuliko mtu? "Nilinyamaza," Nzilani akasema.

Kavindu alimchukua Mumbua kutoka mapajani mwake, akarudi nyuma hadi ukutani. Kule nje sauti ikalainika, ikawa kama ya mama anayebembeleza, ikasema mtoe nje, Mama Mumbua, si mtu wa kukaa na mtoto wako, mtoe tu nimchukue yeye mahali pa mtoto, na binti yako atakunywa na kushiba, na mvua nitaileta mpaka ndengu zako zioze kwa wingi, na hakuna atakayekulaumu, maana kijiji kizima kinajua tangu zamani kwamba yule ni wa jini, wewe mwenyewe ulisema, nami nimekuja tu kuchukua aliye wangu, fungua. Kavindu akamweka mtoto begani, akaenda mlangoni, akashika komeo.

Nzilani aliinuka. "Fungua," akasema. "Ni haki yako. Nitaenda."

Kavindu alisimama pale na mkono juu ya chuma kwa muda mrefu. Alikuwa akilia, na haikuwa huruma, ilikuwa hasira. Kisha akalisukuma komeo mpaka likagonga mwisho wake.

"Hii ni maneno ya boma letu," akauambia mlango. "Tutaongea sisi wawili. Wewe si wa hapa."

Hawakusikia kilio wala upepo. Walisikia miguu yenye maji ikitembea uani, chapa, chapa, ikazunguka nyumba, ikasimama kidogo dirishani, ikaenda upande wa mtoni. Harufu ya mvua ikaisha, na likabaki vumbi.

"Hilo la kunyamaza sijakusamehe," Kavindu akasema, bado ameupa mlango uso wake. "Usinishike mkono. Sijui kama nitaweza."

"Najua."

"Lakini kwa ile kitu huendi. Umesikia? Keti."

Nzilani akaketi. Kavindu akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akainama, akamrudisha Mumbua mapajani mwa Nzilani.

"Mshike vizuri," akasema. "Niwashe moto, nimpikie uji."