Mtoto Aliyesainiwa Mlangoni

Ofisa Krupa wa polisi alimleta Marlys mlangoni saa nne na dakika ishirini usiku, na Marlys akamshukuru kwa lifti. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. Msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye wiki mbili nyuma alimwita ofisa huyohuyo kiazi chenye bunduki, leo anasema asante.

Mama yake, Denise Hruska, hakulitilia maanani. Alikuwa ametoka kusimama saa kumi mfululizo ghalani, miguu imevimba, na alichokiona ni karatasi tu mkononi mwa Krupa. Katika mji ule wa Pennsylvania, king'ora cha zimamoto kikishalia saa nne, mtoto akikutwa nje, mwenye kesi ni mzazi. Waheshimiwa waliopitisha sheria hiyo hufunga maduka yao mapema wakaenda kula na wanao. Hawakujiuliza mama anayefungasha mizigo yao mpaka usiku amlinde mtoto kwa uchawi gani. Denise alishapewa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo. Ya pili walimkalisha ukumbini afundishwe kulea, na mwalimu kijana asiyewahi kubadilisha hata nepi moja. Ya tatu, hakimu angemchukua Marlys.

"Leo siihesabu," Krupa alimwambia. "Wewe saini tu kwamba umempokea."

Maandishi yalikuwa mafupi: huyu ni mtoto wangu, nimempokea, nitamjibia. Denise akasaini akiwa ameegemeza karatasi kwenye fremu ya mlango, akashukuru karibu alie. Mtoto akampita, akapanda ngazi bila kubamiza chochote, nyuma yake ikabaki harufu ya makaa ya mawe yaliyolowa. Mgodi wa makaa wa mji ule ulifungwa kabla Denise hajazaliwa.

Alikuwa bado hajavua viatu mlango wa chumbani ulipofunguka huko juu. Marlys akatoka na nguo za kulalia, nywele timutimu, alama ya mto shavuni.

"Mama," alinong'ona, "nani ameingia chini ya kitanda changu?"

Asubuhi walikuwa wawili mezani. Mmoja alilalamika maziwa yamechacha. Wa pili, sura ileile, sauti ileile, aliyanywa yote akaosha bilauri. Denise angemwambia nani? Polisi? Wangeandika mama kichaa, hakimu angemaliza kazi. Basi akanyamaza, akaenda ghalani, akarudi, akakuta sakafu inang'aa na Marlys wake amejifungia bafuni.

Usiku ndio ulikuwa mrefu. Kile kitu hakikulala kitandani. Kililala chini yake, na Denise, ambaye sasa alilala na binti yake wamekumbatiana, alikisikia kikivuta pumzi kila Marlys alipovuta, kikishusha kila aliposhusha, kwa subira, kama mwanafunzi anayenakili somo, na Marlys alipoibana pumzi yake kwa hofu nacho kilibana, mpaka msichana akashindwa akahema, na chini ya godoro kikahema pia, ila kwa nusu ya nukta mbele yake, kana kwamba somo limeshaingia na sasa kinachofuatwa ni chenyewe.

Siku ya nne Denise alikwenda kwa Bibi Zerbe, ajuza wa ukoo wa Wajerumani wa zamani, aliyekuwa akipuliza majeraha ya moto yakapoa na kuondoa sugu kwa sala za babu zake. Bibi alimsikiliza huku akimenya viazi. Akamwambia kwamba mgodini kule waliteremshwa watoto wa miaka minane usiku kucha, enzi hizo sheria imelala fofofo, na walioangukiwa na mwamba hakuna aliyewaandika popote.

"Sasa mmoja amepata wa kumsainia," alisema Bibi Zerbe. "Aliyesaini amkane, pale pale kizingitini, mbele ya aliyemsainisha, baada ya king'ora. Sema 'si wangu', basi. Lakini uangalie unayemwambia, mwanangu. Hayo maneno hayana macho."

Denise akampigia Krupa simu, akamwomba apite kesho yake baada ya saa nne. Alimweleza Marlys ajifungie bafuni asitoke. Marlys akakubali. Ila saa tatu na nusu, Denise akiwa bado njiani kutoka ghalani, sauti ya Denise ilianza kumbembeleza Marlys nyuma ya mlango wa bafuni, fungua mwanangu, nimerudi, nimekuletea piza, na harufu ya makaa ikapenya chini ya mlango. Msichana akatorokea dirishani, akakimbilia kwenye duka la mashine za kufulia nguo, kulikokuwa na taa na joto. Hapohapo alipokamatwa mara zote mbili.

Kwa hiyo Krupa alipobisha, aliyeshikwa bega alikuwa Marlys mwenyewe, anamtukana ofisa.

"Safari hii siwezi kukusitiri, Denise. Mwenye duka kapiga simu mwenyewe. Nikiandika huyu ni wako, ni ya tatu."

Jikoni, nyuma ya Denise, vyombo vilikuwa vinaoshwa.

Alijua aliye mlangoni ni nani. Asitafutiwe udhuru. Aliwaza kwamba akisema ndiyo, hakimu atamchukua huyu na yeye atabaki na kile. Akisema hapana, Marlys atalala kituoni penye joto na kesho atamfuata. Maneno ya Bibi Zerbe aliyakumbuka, akajiambia kwamba ni ya kikongwe. Na aliwaza jambo jingine ambalo hakuna mama angelikiri ukumbini pale: kwa siku tano nyumba ilikuwa safi na hakuna aliyemtukana.

"Mama, acha utani," Marlys alisema. "Mwambie."

"Si wangu," alisema Denise. "Wangu yuko ndani."

Mkono wa Krupa, uliokuwa begani mwa Marlys, ukafumba hewa. Akautazama, akatazama ngazi tupu za mlangoni, akauliza kwa aibu kidogo alikuwa amefuata nini pale.

Mwezi uliofuata baraza la mji lilimwandikia barua ya pongezi, zile karatasi mbili zikafutwa. Binti yake ni mfano mtaani. Ila kila usiku, king'ora kikishalia, kuna mtu anazunguka nyumba akijaribu dirisha moja baada ya jingine. Wiki ya kwanza alitukana. Ya pili alilia. Jana alisimama mlangoni, akasema kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo kwamba amechelewa, anajua, hatarudia tena.

Denise alikuwa upande wa pili, paji la uso kwenye mbao, mkono kwenye komeo.

Kile cha jikoni kikauliza kama kikafungue.

"Hapana," Denise alisema. "Saa imeshapita."