Kiti Kilichotoka Kabuchai

Jumatatu ile ya kurudi ofisini, foleni ilianza mlangoni juu ikashuka ngazi mpaka kwenye duka la dawa za mifugo. Kitale nzima ilikuwa imeshaamka: mikokoteni ya viazi, bodaboda, mhubiri wa soko na kipaza sauti chake kibovu. Kampuni ya bima ya mazao ilikuwa imepachika mashine ndogo nyeusi ukutani. Kila mfanyakazi aweke kidole, mashine iseme asante, ndipo ahesabiwe kuwa amefika kazini.

Nyaruai alivaa gauni la rangi ya haradali lililomkaa vizuri kiunoni, na viatu ambavyo havikuwa vimetoka chini ya kitanda tangu wakati wa korona. Vilikuwa vinambana. Miaka yote hiyo alipokea simu za wakulima akiwa chumbani kwake, nyuma ya hoteli ya mama yake, miguuni ana malapa. Hakuna mkulima aliyewahi kulalamika kuhusu malapa.

Mbele yake foleni ilikuwa imekwama. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, alikuwa amebeba kiti cha mbao begani, na kwa mkono mwingine anabonyeza ile mashine. Ikalia vibaya. Akabonyeza tena. Ikalia tena.

"Ndugu, ingia ama utoke," Nyaruai akasema. "Sisi wengine tutaandikwa tumechelewa."

"Inanikataa."

"Inakukataa aje na uko hapa?"

"Si ndiyo nashangaa, bana. Mimi nimetoka Kabuchai na giza. Hii kitu inasema sijafika."

Nyaruai akauchukua ule mkono bila kufikiri, kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Kidole kilikuwa kigumu, mistari yake imefutwa na mpini wa jembe.

"Wewe ni wa bima ama wa shamba?"

"Vyote. Asubuhi jembe, mchana simu. Nilikuwa hivyo mpaka walipotuita."

Nyaruai akatoa mafuta ya kujipaka kwenye mkoba wake, akakisugua kile kidole pole pole, watu nyuma wakianza kukohoa kwa makusudi. Kijana akamwachia mkono. Alipobonyeza, mashine ikasema asante, na foleni yote ikapiga makofi.

"Asante, daktari."

"Mimi ni Nyaruai."

"Mimi Wekoye."

"Na hicho kiti, Wekoye? Unahama?"

"Nilisikia huku viti havitoshi."

Alikuwa amesikia vizuri. Waliobahatika walikaa, wengine wakaegemea madirisha. Wekoye akakitua kiti chake, akaangalia vile viatu vya Nyaruai, akamwambia, "Kaa."

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea kusimama. Ng'ombe hawaweki viti."

Kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya nyumbani. Kila mtu ana simu sikioni, anaongea na mkulima aliyeko mbali ambaye mahindi yake yamepigwa na mvua ya mawe. Tofauti ilikuwa kwamba sasa wanapigiana kelele. Mzee mmoja kutoka Myanga alimuuliza Nyaruai, "Mama, uko sokoni?"

"Niko ofisini, baba."

"Ile ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Rudini kule. Kule tulikuwa tunasikizana."

Meneja wao, Bwana Wachira, alikuwa Eldoret. Alitokea kwa video kwenye kioo kikubwa ukutani akawaeleza kwamba kazi ni watu kuonana, na kwamba asipomwona mtu hawezi kujua kama anafanya kazi. Wekoye akainama kwenye sikio la Nyaruai.

"Na yeye mbona tunamwona kwa kioo?"

Nyaruai alicheka mpaka ikabidi ajifanye anakohoa.

Mtandao ulipozidiwa ukazima, wakashuka ng'ambo ya barabara kwa Mama Nyaruai, na kutoka siku ile ikawa desturi. Mama Nyaruai alikuwa mjane wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila siku, mtu wa maneno machache na macho mengi. Hakumpa mtu chai kabla ya kuiombea. Alipoelezwa habari ya mashine akatikisa kichwa.

"Kuna yule mwanafunzi wa Bwana aliyekataa kuamini mpaka atie kidole. Hawa wenu wamemshinda. Wanataka kidole chenu na bado hawaamini."

Alimpenda Wekoye. Alimwita mwanangu, akamwekea chapati ya juu, ile laini. Kile kiti cha Kabuchai kikahamia hotelini, karibu na dirisha, na mtu mwingine akikikalia Mama humwondoa. Wekoye alikula akimtazama Mama usoni, akimwambia habari za baba yake aliyepooza mguu, ambaye zamani Wekoye alikuwa akimpeleka mwenyewe hospitali ya Lugulu kwa mazoezi. Sasa Wekoye alipanga chumba Kitale, akionekana nyumbani Jumamosi tu, na kazi ile ilikuwa imemwangukia Sellah, dada ya baba yake.

"Naongea na wakulima wa Kabuchai nikiwa Kitale," alisema siku moja, "ili niwaambie nitamtuma mtu Kabuchai. Na mimi ndiye mtu wa Kabuchai."

Mapenzi yao hayakuwa na tarumbeta. Yalianza kwa kidole, yakaendelea kwa simu za jioni.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula githeri. Mama anauliza mbona leo umekula chapati mbili tu."

"Mwambie nimeacha nafasi ya mapenzi."

"Hiyo siwezi kumwambia mama yangu."

"Basi niambie wewe kama inafaa."

Nyaruai akaitabasamia sufuria.

"Nyaruai? Umepotea?"

"Niko. Inafaa."

Halafu Wekoye akaenda kwao Jumamosi moja, akarudi akiwa mtu mwingine.

Jumatatu hakuingia hotelini. Alimtuma mwenzake amnunulie chapati akazila kwenye ngazi za ofisi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya soko, Mama Nyaruai alimwona mbele yake, uso kwa uso, akanyoosha mkono kumsalimia. Wekoye akainamisha kichwa, akavuka barabara mbio na kupotea nyuma ya lori la kabichi. Mkono wa Mama ukabaki hewani, na watu wanaona.

Jioni Nyaruai alimpigia.

"Mama yangu amekukosea nini?"

"Mama yako? Hajanikosea kitu. Mungu ambariki."

"Basi mbona umemkimbia kama mwenye upele?"

"Nyaruai, mimi siwezi kuingia hapo tena. Si unaelewa. Ni heshima."

"Heshima ya nani? Yako? Hoteli yetu imekuwa ndogo kwako?"

"Ati ndogo? Hapana, sikiza…"

"Umekula chapati za mjane ukashiba, sasa unapita upande wa pili. Nimeelewa, Wekoye."

Akakata. Simu ikaita tena, akakata tena. Ofisini akahamia upande wa madirisha ambako hawezi kumwona. Wekoye alimtazama kwa mbali kama mtu aliyepanda mahindi yakaota magugu.

Wiki iliyofuata Ivy, jirani yake wa dirishani, akamwambia, "Yule wako ameacha kazi. Aliomba afanye siku mbili za wiki kutoka nyumbani, baba yake ameanguka tena. Wachira amekataa. Ameaga Jumatatu."

"Ameaga nani?"

"Ametuaga sisi. Wewe ulikuwa umeshuka chini."

Nyaruai akapokea simu iliyokuwa ikiita, akamsikiliza mkulima mpaka mwisho, akamjibu vizuri. Kisha akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi. Alijua sasa kwamba amempoteza, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado hakujua kwa nini.

Jioni hiyo alimkuta mama yake anamenya viazi, na Agneta amerudi. Agneta alikuwa Mbukusu wa Myanga aliyeolewa Kitale, msukuma chapati wa hoteli hiyo, na siku hizo zote alikuwa kwao kwenye matanga. Mama alikuwa anamtolea manung'uniko yake yote.

"Alivuka barabara?" Agneta akauliza.

"Alivuka. Akajificha nyuma ya kabichi kama mwizi."

"Na mkono?"

"Mkono gani? Aliangalia chini."

"Na chapati zako anakula?"

"Anatuma mtu amletee. Hiyo ndiyo inaniudhi. Chapati ni tamu, mimi ndiye mchungu."

Agneta akaweka chini kifimbo cha chapati, akaanza kucheka, unga ukimpanda mpaka kwenye nyusi.

"Mama Nyaruai, umepata mkwe na hujui."

"Mkwe gani anakimbia watu?"

"Mkwe wa kwetu, Mbukusu kama mimi. Kijana akishamtaka msichana, mama ya msichana haangaliwi ovyo. Hapewi mkono, hawali meza moja. Wakikutana njiani, yeye anapisha. Si chuki, mama. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Sasa huyu alikuwa anakaa hapa anatafuna chapati akikuangalia machoni. Alipowaambia nyumbani amepata mke, lazima walishika kichwa. Wakamwambia koma kabisa kutoka leo."

"Na kwa nini asituambie?"

"Aseme nini? Kwetu hata mtoto anajua. Hakuna wa kuambiwa."

Mama Nyaruai akamenya kiazi kimoja chote kabla ya kusema. Halafu akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni, mkoba bado mkononi.

"Umesikia? Kesho ni Jumamosi. Kile kiti si chetu. Mpelekee."

Bungoma kulikuwa na jua la mvua. Nyaruai alishuka matatu na kiti mkononi, amevaa lile gauni la haradali na vile viatu vibaya, watu wakimpisha wakidhani anauza fanicha. Alipouliza njia ya Kabuchai kwa kina Wekoye, Mzee Adan, mwenye duka la magunia karibu na msikiti, ndiye aliyemwelekeza.

"Wekoye wa ushirika wa wakulima? Yuko ghalani. Ameanza juzi. Wewe ni wa bima?"

"Mimi ni wa kiti."

Alimkuta katikati ya magunia ya mahindi, mikono ya shati imekunjwa, vumbi kwenye kope. Akakitua kiti mbele yake.

"Umesahau kitu Kitale."

Wekoye alikiangalia kiti, akamwangalia yeye. "Nilisahau vitu viwili. Hicho ni kimoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba umekimbia mama yangu kwa sababu unanitaka."

Wekoye akakaa kwenye gunia taratibu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Nilidhani unajua. Siku ile ya soko nilidhani utafurahi. Nilingoja unipigie unicheke, uniulize wazee wanakuja lini. Ukapiga, ukanitusi."

"Wekoye, mimi ni Mkikuyu. Kwetu mtu akikimbia, amekimbia."

"Na mimi nikajua umenikataa. Hata ulihamia dirishani."

"Ukaacha kazi bila kuniaga."

"Nilikupigia. Ulikata."

"Nilikata mara moja."

"Nyaruai."

"Haya. Nyingi."

Wakacheka kidogo, wote wawili wakiangalia chini. Nje mtu alikuwa anapiga bei ya sukari nguru.

"Baba alianguka bafuni na hakuna wa kumwinua," Wekoye akasema. "Nikamwomba Wachira siku mbili tu. Akaniambia lazima anione. Nikawaza, huyu imani yake ni kuniona. Na mama yako, heshima yangu ni asinione, na hoteli yake iko mlangoni kwa ofisi. Sasa mimi nitakaa Kitale aje? Huku nafika nyumbani kila jioni. Mshahara ni mdogo, lakini mguu wa baba unanyooka."

"Na mimi ulinipanga wapi?"

"Senge wangu, shangazi Sellah, ameuliza wazee waje Kitale lini. Nimemwambia angoje, kuna mtu sijamuuliza."

"Nani?"

"Acha mchezo, mrembo."

"Sichezi. Kama ni kuulizwa, niulizwe. Nimebeba kiti kutoka Kitale."

Wekoye akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Nyaruai, utakubali kuwa mke wangu?"

Alitamani kumjibu hapo hapo, lakini alikuwa mtoto wa mama yake. "Na kidole changu? Kila asubuhi kinatakiwa Kitale."

"Hapa ushirika watahitaji mtu wa simu mavuno yakiisha. Naweza kuwaambia."

"Usiwaambie. Nitaomba mwenyewe. Nikikosa, nitaendelea na ile mashine na wewe utakuwa unanifuata Kitale Jumamosi."

"Nitakufuata. Ila utanikuta nyuma ya lori."

"Basi nimekubali," akasema, na sauti yake ikapungua mwishoni. "Nimekubali, Wekoye wangu."

Alimshika mkono. Kile kidole kilikuwa kigumu vile vile. Kisha akatoa simu akampigia mama yake, akaiweka sauti ya juu.

"Mama, nimempata."

"Amepokea kiti?"

"Amepokea. Na ameniuliza, na mimi nimekubali."

Mafuta ya chapati yakasikika yanachemka. "Mungu ashukuriwe," Mama akasema. "Mpe simu nimsalimie."

Wekoye akarudi nyuma mpaka akagonga magunia, anatikisa mikono yote miwili. Kwa mbali sauti ya Agneta ikasikika, "Hapana, mama. Mwache."

"Hata simu?"

"Hata simu kwanza. Ngoja wazee wakae."

Mama Nyaruai akavuta pumzi. "Sawa. Nyaruai, mwambie huyo mtu afanye ukwe wake akiwa huko huko mbali. Mimi si Wachira. Si lazima nimwone ndiyo nijue yuko."

Wekoye akainamisha kichwa chini kabisa, ameelekea upande wa Kitale. Nyaruai akakaa kwenye kiti cha Kabuchai, akavua viatu.