Anwani ya Mashela

Mvua ilishuka ghafla sokoni Kahama, watu wakajibanza chini ya kibanda kimoja, na Vumilia akamkanyaga kiatu kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa pasi.

"Samahani, kaka."

"Kanyaga na cha pili, dada, visioneane wivu."

Vumilia akacheka. Kijana huyo alikuwa Sostenes, fundi wa tovuti. Vumilia, mama wa Hosiana, alishona mashela ya harusi mtaa wa Nyahanga, na tovuti yake ilikuwa na anwani ndefu zenye tarakimu zilizowachosha wateja.

Kabla masika hayajaisha, walishaitana mpenzi. Sostenes akazipa kurasa anwani fupi. Zile za zamani, zilizokwisha kusambaa kwenye magrupu ya wateja, akaziwekea maelekezo: anayebofya ya zamani apelekwe kwenye mpya.

Vumilia akajaribu ile ya zamani ya mashela. Ukafunguka ukurasa wa duka la Asteria, muuza vipodozi, pichani kavaa gauni la kijani, anatabasamu. Akampigia Sostenes.

"Sosi, huyu nani?"

"Mteja wangu, laazizi. Nimechanganya anwani. Subiri... tayari, nimerekebisha."

Akabofya tena. Asteria yuleyule.

"Umerekebisha nini? Bado anachekacheka humu!"

"Kwangu iko sawa, labda simu yako..."

"Simu yangu ndiyo mwongo? Baba Hosiana naye, nilipomfumania, alisema macho yangu ndiyo mabovu. Kaa na Asteria wako!"

Akakata, akamzuia asipige tena.

Kesho yake simu ikalia kutoka machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, makarasha ya kusaga mawe yakinguruma nyuma. Mteja wake, Mama Ezekiel, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Hosiana! Nimebofya anwani yako ya zamani, nataka shela lile la lulu!"

"Mama Ezekiel, hukutokea kwa dada wa kijani?"

"Kijani gani? Nimeona mashela meupe matupu!"

Vumilia akaiondolea kizuizi namba ya Sostenes. Akampigia Sostenes.

"Hukuniacha nimalize," akasema taratibu. "Ile njia ya kwanza ya makosa, iliyokupeleka kwa Asteria, niliiandika kuwa ya kudumu. Simu yako ikaikariri, haiulizi tena. Futa kumbukumbu za kivinjari."

Akafuta, akabofya. Mashela yake yakafunguka, meupe kama pamba iliyopasuka shambani.

"Nisamehe, Sosi. Nilikuhukumu kwa kesi ya mwingine."

"Nataka nije Ushirombo kwa wazazi wako na mjomba Mayala, kuposa. Nije?"

Hosiana alikuwa anacheka uani.

"Njoo Jumapili baada ya misa. Ukichelewa nakuzuia tena!"

Kisha akampigia Mama Ezekiel.

"Lile la lulu limepata mwenyewe, dada. Nitakushonea jingine."

"Nani kaniwahi?"

"Mimi."

Vigelegele vikapanda Rwamgasa, makarasha yakawa hayasikiki.